Mtandao Unasumbua

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tulifungua, tukaingia. Ndugu msomaji, nyumba yetu ni njema kuanzia mlango mpaka paa. Ina kasoro moja tu: ukivuka kizingiti na simu mkononi, simu inageuka kuwa saa na tochi. Haizimiki. Picha zako zote zimo, nyimbo zako zimo, ila ile minara midogo ya mtandao pale juu inaondoka mmoja mmoja, kama wageni waliosikia kwamba chakula bado hakijaiva.

Tulihamia Desemba 2022. Kabla ya hapo tulikuwa Magomeni, chumba na sebule, mimi, Mama na mdogo wangu wa kike, choo tukichangia na wapangaji wengine sita. Magomeni mtandao ulikuwa mwingi kuliko maji. Ungeweza kulala chini ya kitanda ukaongea na mtu aliyeko Mwanza, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akakusaidia kumjibu.

Kiwanja Mama alikinunua Goba mwaka 2009. Goba, kwa asiyepajua, ni pande za vilima na mabonde, nje kidogo ya jiji, na bei za viwanja hupanda na kushuka pamoja na ardhi. Mama alipata bondeni, kwa sababu bondeni ndiko bei ilikofikia mkono wake. Anauza vitenge Kariakoo. Kwa miaka 13 kila upatu alioupokea ulikwenda kwenye ile nyumba: mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, mwaka mwingine hakuna kitu, magugu tu yanaota katikati ya sebule. Fundi alimwambia udongo wa bonde hauaminiki, kwa hiyo nondo ziongezwe na zege liwe zito. Mama hakubisha. Alitaka nyumba ambayo haitamwangukia mtu. Juu akaezeka mabati ya rangi ya damu ya mzee, chini ya mabati ikatandikwa ile karatasi inayong'aa ya kupunguza joto, na madirishani vikawekwa vile vioo ambavyo ukivitazama kutoka nje unajiona sura yako mwenyewe.

Siku ya kuhamia, kabla hata magodoro hayajashushwa, Mama alisimama katikati ya sebule yake akampigia Bibi yetu aliyeko Lushoto kumwambia tumefika. "Haloo? Mama? Haloo?" Akasogea dirishani. Akasogea barazani. Mwisho tulimwona yuko getini, mkono mmoja sikioni, mwingine kiunoni, anapiga kelele kwamba nyumba ni nzuri, nyumba ni nzuri sana.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Wiki mbili za kwanza tulitembea ndani tumenyanyua simu juu kama watu wanaokagua dari. Tulipomaliza uchunguzi wetu, ramani ilikuwa hivi. Chumba cha Mama: hakuna kitu. Chumba changu: hakuna kitu. Sebuleni: mnara mmoja, usiku wa manane, mtandao ukijisikia. Jikoni, kona ya kushoto ya dirisha, juu ya sinki: kiraka cha ukubwa wa sinia, hapo simu inaita. Ukiichukua ukarudi nayo hatua moja, imekatika. Juu ya mnara wa tanki la maji: safi kabisa, lakini nani atapanda ngazi kila anapopigiwa? Na nje ya geti, chini ya mwembe wa jirani: mtandao wa kumwaga.

Huo mwembe ndio ofisi ya mtaa. Ifikapo saa moja jioni utawakuta watu wanane, kila mmoja ameupa mgongo mwenzake, kila mmoja ananong'ona mambo yake. Pale utajua nani anadaiwa, nani ameachwa, nani mtoto wake kafeli. Nimemsikia mtu mzima akimwapia anayemdai kwamba yeye yuko Dodoma kwa wiki nzima, huku kuku wetu wanawika miguuni kwake.

Nina mshikaji mmoja aliyesomea mambo ya mawasiliano. Nilimwita aje atutazamie. Alizunguka nyumba mara moja, akagonga ukuta kwa ngumi, akatazama juu, akacheka.

"Mwanangu, mama yako kajenga sanduku."

Akanieleza, na kwa kuwa wengi wenu mnahamia huko pembezoni kama sisi, nawapa bure. Simu ni redio. Sauti yako inasafiri kwa mawimbi kutoka kwenye simu mpaka kwenye mnara na kurudi. Kilima kilicho mbele yetu kinauficha mnara, kwa hiyo mawimbi yanayotufikia yameshachoka. Kisha yanakutana na nyumba. Bati huyarudisha yalikotoka. Ile karatasi inayong'aa ni madini pia, nayo huyarudisha. Vioo vya kujitazama vimepakwa utando mwembamba wa madini, navyo vivyo hivyo. Ukuta wa tofali pekee ungeyapitisha kiasi, lakini zege lenye nondo nyingi huyanyonya na kuyatawanya. Kila kitu ambacho Mama alikiongeza ili tulale salama, kilikuwa kinafunga mlango mwingine.

Alifungua simu yangu mahali ambapo huonyesha nguvu ya mtandao kwa namba. Getini ilisoma 87 chini ya sifuri. Chumbani kwa Mama 117 chini ya sifuri. Mimi nikaona si tofauti ya kutisha. Akanirekebisha: kila namba ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni moja ya kumi. Kutoka getini mpaka kitandani kwa Mama, hatua labda 25, ilibaki sehemu moja ya elfu.

Mambo mengine aliyotuambia yalitusaidia. Simu za siku hizi hukimbilia masafa ya juu, kwa kuwa yanabeba intaneti nyingi, ila masafa ya chini ndiyo hodari wa kupenya ukuta. Ukiilazimisha simu ikae kwenye mtandao wa kizazi cha pili, intaneti utaisahau lakini sauti itapita pale ambapo awali haikupita. Akatueleza pia kwa nini betri zetu zilikuwa zikiisha mchana: simu isiyousikia mnara hupiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike. Nilimuuliza kuhusu vile vifaa vya kuvuta mtandao vinavyouzwa Kariakoo. Akasema tusithubutu kununua cha uchochoroni. Kifaa cha namna hiyo ni redio inayorusha mawimbi, na kisichoidhinishwa na TCRA kinaweza kuuvuruga mnara wenyewe, ukapata wewe wakakosa mtaa mzima.

Basi tukazoea. Umeme ukikatika saa tano usiku kwa sababu LUKU imeisha, mmoja anajifunga kanga au anavaa raba, anatoka mpaka mwembeni, ananunua, anazikariri au anaziandika kiganjani zile tarakimu 20, anarudi kuziingiza kwenye mita. Mdogo wangu aliwahi kuzifuta nusu kwa jasho, tukalala gizani tukimcheka. Pesa za Mama ziko ndani ya simu, kama za kila mtu tangu mambo hayo yalipoingia nchini mwaka 2008. Nyumbani kwake Mama ana hela asizoweza kuzigusa mpaka atoke nje.

Hayo yote ni ya kuchekesha, nami nimeyasimulia mara nyingi vijiweni watu wakacheka. Sasa nisimulie lile nisilolisimulia.

Bibi yangu ananiita mume wake. Ni utani wa bibi na mjukuu, lakini kwake una uzito kidogo, kwa kuwa ndiye aliyenilea mpaka nilipomaliza darasa la tatu, Mama akiwa Dar anatafuta maisha. Wakati huo kijijini kwao, milimani Lushoto, hakukuwa na mtandao. Jumapili mchana Bibi alinishika mkono tukapanda mlima mpaka kwenye jabali moja, mwendo wa kama dakika 40, tukamkuta mwenye simu amekaa na watu wamempanga foleni. Bibi alilipa, nikaongea na Mama. Yeye mwenyewe hakuongea. Alisimama pembeni kunishika shati nisiteleze. Siku hizi mnara uko mgongo wa pili wa mlima, unautazama mlango wake, na Bibi ana kitochi chake kinachoshika mtandao hata ndani ya kabati.

Kwa hiyo kila jioni, saa moja, ananipigia. Saa moja ndiyo saa ninayofika mwembeni nikitoka kazini, minara yote imejaa. Bibi ana mambo yake: mbuzi wa jirani, mvua, mguu, ndoto, mbuzi wa jirani tena. Miezi ya mwanzo, alipokuwa akipiga nikiwa ndani na sauti ikikatika, nilikuwa nasema ukweli: "Bibi, sikusikii, mtandao unasumbua." Bibi alielewa. Alisema, "Haya mume wangu, pumzika." Simu ikakatwa, nami nikawa nimepata jioni yangu.

Sijui ni siku gani nililisema neno hilohilo nikiwa chini ya mwembe.

Ninachokumbuka ni kwamba lilitoka kirahisi, yaani kama vile salamu. "Haloo? Bibi? Sikusikii Bibi, mtandao unasumbua." Yeye anasema, "Mimi nakusikia, mume wangu, nakusikia vizuri." Mimi nikakata. Nilikuwa nimechoka, bwana, nilikuwa na njaa, nilikuwa na hadithi kichwani niliyotaka kuiandika kabla usingizi haujaninyang'anya. Kesho yake nikarudia. Baada ya hapo nikaligawa kwa wengine. Mchango wa harusi ya binamu: mtandao unasumbua. Mjomba alinitafuta siku tatu kuhusu mchango huo, akanipata siku ya nne, na kwa upole kabisa akaniambia kwamba picha yangu ya jana aliiona, ile niliyoiweka saa mbili usiku. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Aprili 2024, mwezi wa zile mvua kubwa. Mabati ya Mama yalikuwa yanapigwa hadi hatusikilizani sebuleni. Tulikula, tukafunga milango, tukalala saa tatu. Simu yangu ilikuwa mtoni mwa kitanda, imeshiba chaji, inaonyesha saa.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilifika mwembeni nikielekea kazini, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Simu ikaanza kutetemeka. Nilidhani ni matangazo. Ikatetemeka tena, na tena, ujumbe unaingia juu ya ujumbe: ulipigiwa na namba hii saa nne na dakika tano, saa nne na dakika saba, saa nne na robo. Mara 11. Zote za Bibi. Nilirudi mbio ndani kumwita Mama, akatoka na simu yake mpaka getini, nayo ikaanza. Mara 9.

Bibi alikuwa ameteleza jikoni, kifundo cha mguu kimevunjika. Alikuwa na binti wa Mjomba, mtoto wa darasa la nne, wawili tu ndani. Jirani mwenye gari alikuja, lakini gari halikuwa na mafuta, na muuza mafuta wa chupa alitaka hela mkononi. Shilingi 40,000. Kwenye simu ya Mama siku hiyo zilikuwemo mara sita ya hizo. Mjomba naye alikuwa amezima simu usiku, aliiwasha alfajiri alipoamka kuswali, akatuma. Bibi aliondoka pale saa kumi na moja. Saa saba alilala sakafuni jikoni amefunikwa blanketi, kwa kuwa kila walipojaribu kumnyanyua alilia.

Nilimpigia Mjomba nikiwa nimesimama kwenye tope. Nikaanza kueleza: mvua, nyumba, kwamba kweli kabisa, haki ya Mungu...

"Najua," akasema Mjomba. "Mtandao unasumbua."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaniingia kama hilo. Na siku hiyo, ndugu msomaji, lilikuwa kweli! Nilitaka kumwapia kwamba usiku ule mtandao haukuwepo, kwamba tulikuwa ndani ya sanduku la zege, kwamba mshikaji wangu amelipima kwa namba. Lakini ningemwapia kwa maneno gani, wakati maneno yenyewe nilishayatumia yote?

Mwezi wa sita nilipata likizo, nikapanda basi. Chalinze, Segera, Mombo, halafu zile kona za kupanda kupitia Soni ambazo tangu utoto hunitapisha. Nilimkuta Bibi barazani juu ya kigoda, mguu ameunyoosha, fimbo mpya ubavuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Siku mbili tulizungumza mbuzi wa jirani. Siku ya tatu, jioni, ilipofika saa moja, saa yake ya kunipigia, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia: Bibi, zile siku nilizosema mtandao unasumbua, siku nyingine haukuwa unasumbua. Ule usiku ndiyo, kweli. Lakini siku nyingine nilikuwa nasema uongo.

Bibi aliendelea kuchambua maharage.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mtu asiyesikia hupiga kelele. Wewe ulikuwa unasema pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto. Na kuku wenu nilikuwa nawasikia."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungeacha hata kupokea."

Nilinyamaza. Yeye naye alinyamaza, kisha akaongeza kitu ambacho nadhani alikusudia kunituliza. Alisema usiku ule mtoto alitaka kuanza kumpigia baba yake, yaani Mjomba, ila yeye alimkataza. Alimwambia aanze na mimi. "Kwa sababu wewe," akasema Bibi, "hata kama utadanganya, huwa unapokea."

Sikulala usiku ule, na mtandao ulikuwa umejaa.

Kitu kimoja nilikiona kwake nikaondoka nacho. Kitochi chake hakikai mfukoni. Kinakaa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, kimening'inia kwenye msumari karibu na mlango, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Anasema simu ni kitu cha nyumba, haina sababu ya kutembea. Niliporudi Goba nilinunua kitochi cha bei ndogo, nikakiweka kwenye kizazi cha pili, nikagonga msumari jikoni, kona ya kushoto ya dirisha, pale kwenye kiraka chetu cha sinia. Mama alinung'unika kuhusu tundu kwenye ukuta wake mpya. Namba hiyo wanayo watu wachache: Bibi, Mjomba, yule jirani mwenye gari. Usiku milango ya vyumba hatuifungi tena, ili kikilia kisikike.

Sitaki kukudanganya kwamba nimekuwa malaika. Mbuzi wa jirani bado ni yuleyule. Zipo jioni ambazo kitochi kinalia nikiwa katikati ya sentensi, hii niandikayo ikiwa mojawapo, na mkono unakuwa mzito. Sisi tunaopenda kuandika tuna ugonjwa huo: tunataka dunia inyamaze ili tuandike habari zake. Nyumba ya Mama ilinipa kimya hicho bila kuniomba hata senti, nami bado nakipenda. Kurasa nyingi nimeziandika chumbani mle, mahali ambapo hakuna anayeweza kunifikia. Ila siku hizi najua kimya hicho nani alikilipia.

Basi saa moja ikifika, aliye karibu anakimbia jikoni. Mara nyingi ni mimi. Nasimama nimeegemea sinki, kiwiko kwenye vyombo, kichwa nimekipinda kwenye ile kona, maana ukinyooka tu inakatika. Bibi anaanza na mguu, anahamia mvua. Na siku nyingine, hasa mvua ikinyesha huku kwetu, sauti yake inaanza kukwaruza, inapotea, inarudi nusu neno, na hapo ni kweli kabisa simsikii.

Hapo napaza sauti. "Haloo! Bibi! Haloo!" Napiga kelele mpaka mdogo wangu anaziba masikio, mpaka walioko mwembeni wanageuka, ili kama yeye bado ananisikia, ajue kwamba safari hii ni kweli.